Njia ya Mfereji wa Ulster, Monaghan: Inafaa, Ila Kwanza Ujue Historia Yake

Anayefika mjini Monaghan, katika Jamhuri ya Ireland, kwa matumaini ya kupanda boti kwenye Mfereji wa Ulster atarudi mikono mitupu, kwa kuwa chombo cha mwisho kilipita mwaka 1929 na mfereji ukaachwa rasmi mwaka 1931. Anachopata mgeni ni njia ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, yenye urefu wa kilomita 4 na ushei, iliyofunguliwa mwaka 2013 kuufuata mfereji huo. Naipendekeza, lakini asiyejua yaliyopita hapo ataona handaki lenye majani tu.

Mfereji ulikusudiwa kuunganisha Ziwa Neagh na Ziwa Erne kwa kupitia Mto Blackwater. Mkandarasi William Dargan aliujenga, ukakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1840, ukiwa na urefu wa kilomita 74 hivi na malango 26, yaani vyumba vya mawe vinavyojazwa na kupunguzwa maji ili kupandisha na kushusha matishari. Kosa lilikuwa katika malango hayo: yalijengwa kwa upana wa takriban mita 3.6, membamba kuliko ya mifereji jirani, hivyo matishari ya kawaida hayakuweza kuingia na shehena ikalazimika kuhamishiwa vyombo vyembamba zaidi. Juu ya hayo, maji ya kulisha sehemu ya juu kabisa, karibu na Monaghan penyewe, hayakutosha. Serikali iliuchukua mwaka 1865, ikaufunga kwa matengenezo hadi mwaka 1873, na wakati huo reli ilikuwa imekwisha kufika.

Kwa hiyo wanaousingizia mpaka kati ya Ireland Kaskazini na sehemu nyingine ya kisiwa, uliochorwa mwaka 1921, kuwa ndio ulioua mfereji wanauonea, ingawa ni kweli kwamba mpaka huo uliukatakata mfereji ambao tayari ulikuwa mahututi.

Ajabu ni kwamba mpaka huohuo ndio ulioupatia mlezi: taasisi ya Waterways Ireland, inayomilikiwa na pande zote mbili, ilizaliwa na makubaliano ya amani ya mwaka 1998. Imekwisha kufungua kipande cha kutoka Ziwa Erne hadi Castle Saunderson. Mwenye kutaka kuona maji yenye gati na si handaki, aendelee mwendo wa kilomita 20 hivi hadi mji wa Clones, ambako bandari ndogo ya boti ilikamilika mwaka 2024.