Jua la Taa, Maporomoko ya Pampu: Kazi Tatu za Olafur Eliasson

Aliyeingia katika ukumbi mkuu wa jumba la sanaa la Tate Modern, London, kati ya Oktoba 2003 na Machi 2004, alikuta jua likichwea ndani ya jengo. The Weather Project, kazi ya Olafur Eliasson, msanii wa Denmark mwenye asili ya Iceland, iliundwa kwa vitu vichache mno: nusu duara ya taa zipatazo 200, dari la vioo lililokamilisha duara hilo, na ukungu wa maji na sukari. Taa zilikuwa za jamii inayotumiwa barabarani, zenye mwanga wa manjano mtupu, kwa hiyo rangi nyingine zote zilitoweka. Watu walilala chali sakafuni wakijitafuta darini, wageni wasiofahamiana wakipanga miili yao ili kuunda maumbo.

Naiweka mbele ya kazi zake nyingine kwa sababu hakuficha mitambo. Ukisogea hadi nyuma ya jua uliziona taa na nyaya zake, tena katika jengo ambalo zamani lilizalisha umeme, na bado uliporudi ulikuwa tayari kulala chini na kuota jua hilo.

Mwaka 2008 aliipeleka kanuni hiyohiyo New York, akasimamisha maporomoko manne ya maji yaliyovutwa kwa pampu kutoka East River, mto wa maji ya chumvi, yenye kimo cha mita 27 hadi 37, mojawapo chini ya daraja la Brooklyn, juu ya vyuma vya ujenzi vilivyoachwa wazi. Gharama ilifikia dola milioni 15.5. Hapa sikuridhika: mtazamaji alibaki mbali, ukingoni au ndani ya boti, na daraja lenyewe liliyafanya maji yaonekane kama bomba lililopasuka. Kisha upepo ukapeperusha maji ya chumvi hadi kwenye miti ya jirani, majani yakaanza kunyauka, na saa za kuendesha pampu zikapunguzwa kwa takriban nusu. Nakiri kwamba tukio hilo, ambalo hakuna aliyelipanga, lilieleza uhusiano wa mji na mimea kuliko maporomoko yenyewe.

Kazi ninayompendekezea mtu wa leo ni Your rainbow panorama, iliyofunguliwa mwaka 2011 juu ya paa la jumba la sanaa la ARoS mjini Aarhus, Denmark. Ni njia ya mviringo yenye urefu wa mita 150, iliyozungushiwa vioo vya rangi zote za upinde wa mvua, na haihitaji pampu wala ukungu, kwani mji wenyewe ndio unaobadilika kadiri unavyotembea. Usiipite haraka. Simama katika sehemu nyekundu mpaka macho yaizoee, kisha utazame kitu cheupe: kitaonekana kuwa na ukijani, ingawa hakuna kioo cha kijani mbele yako.