Miaka minne na RAV4 ya pistoni nne: magoti ya mama, foleni ya Kimara na mlima wa Soni

Mama yangu ana magoti yanayomsumbua, na magoti hayo ndiyo yaliyotuchagulia gari. Kigari tulichokuwa nacho kabla kilikuwa cha chini. Kila alipokuja Dar kwa matibabu ilibidi ajishushe taratibu hadi akipate kiti, na kumtoa ilikuwa kazi ya watu wawili, mmoja kumshika mkono na mwingine kumsukuma mgongoni. Siku moja jirani alitusaidia na pikapu yake, ikawa kinyume chake: tulianza kutafuta kigoda cha kumpandishia. Kwa hiyo tulipokwenda Tabata kuangalia RAV4 iliyokuwa inauzwa, nilimwomba mama twende naye. Alifungua mlango, akageuza mgongo, akakaa, akaingiza mguu mmoja kisha wa pili. Hakuna aliyemgusa. Akasema, "Mwanangu, hiki kiti kimo chake ni kama kitanda changu." Habari za injini tulizungumza baadaye.

Ni Toyota RAV4 ya kizazi cha tatu, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2005. Yetu ni ya 2008, namba D, injini 2AZ-FE ya cc 2362, pistoni nne, giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), rimu za inchi 16. Tuliinunua mkononi mwa mtu ikiwa na kilomita 98,000. Leo inasoma 161,000. Kununua mkononi kulituepusha na hesabu za bandarini, maana injini ikizidi cc 2000 ushuru wa bidhaa ni asilimia 10 badala ya 5, na gari likishapita miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu.

Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, ana Harrier ya pistoni sita, cc 2994, na alitusihi sana tusichukue pistoni nne. Alikuwa na hoja: watu watano, mizigo, AC, halafu mlima wa kwenda Lushoto, gari litahema. Namheshimu shemeji kwa magari kwa sababu anatunza lake kama mtoto. Na ni kweli kwamba akikanyaga mafuta pale Segera analipita lori kabla sijamaliza kuangalia kioo. Lakini tumekaa na magari haya mawili familia moja kwa miaka minne, nimeona tofauti ilipo. Plagi zetu ni nne na zimesimama juu ya injini, wazi kabisa. Fundi anatoa kava, anachomoa koili, saa moja haiishi kazi imekwisha. Kwenye ile yake, plagi tatu za nyuma zimebanwa upande wa ukuta wa kabini, na ili kuzifikia inabidi manifoldi ya juu ifunguliwe. Injini yake inatumia mkanda wa taimingi wenye kikomo cha kubadilishwa. Yetu ina cheni. Kila huduma ninayolipia mimi, yeye analipia zaidi, na mafuta ndiyo usiseme.

Kuhusu mafuta, nina daftari kwenye droo ya dashibodi. Najaza tanki mpaka bomba linajikata lenyewe, naandika kilomita, nikijaza tena nagawa. Tunaishi Mbezi. Asubuhi natoka saa kumi na moja na nusu, nawashusha watoto shuleni Kimara, kisha naendelea mjini kwa Barabara ya Morogoro kupitia Ubungo. Kwa mzunguko huo, AC ikiwaka, napata kilomita 7.5 hadi 8 kwa lita. Wiki ambazo shule zimefungwa inapanda hadi 9. Safari ndefu, mguu ukiwa mwepesi, imewahi kunipa 11.8. Tanki ni lita 60, hivyo wiki moja ya foleni na safari za jumapili inaisha bila kugusa taa ya njano. Hii si gari ya mtu anayetafuta matumizi madogo ya kigari kama IST, lazima niseme hivyo waziwazi. Ile Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati, wanapotangaza bei kikomo za mafuta, mimi ni mmoja wa wanaosubiri.

Katika foleni yenyewe gari ni tulivu mno. CVT haina ile kushtuka ya kubadili gia, na unapotambaa nyuma ya daladala saa nzima mguu hauchoki. Unaona mbali, na gari lenyewe si refu, mita 4.3 na ushei, kwa hiyo linaingia kwenye nafasi nyingi ambazo mwenye Prado anapita tu.

Mlango wa nyuma unastahili maneno yake. Haupandi juu, unafunguka kwa pembeni kama mlango wa chumba, na bawaba zake ziko kulia. Kwa sisi tunaoendesha upande wa kushoto wa barabara hilo ni jambo zuri: ukiegesha pembeni, uwazi unaelekea ukingoni, unapakia ukiwa mbali na magari yanayopita. Spea tairi imening'inizwa juu yake, kwa hiyo mlango ni mzito, na binti yangu wa miaka tisa bado hauwezi gari likiwa kwenye mteremko. Tatizo ni Kariakoo. Mtu akikuegeshea karibu kwa nyuma, mlango haufunguki hata robo, na gunia la mchele linabaki mikononi. Nimejifunza kulaza kiti cha nyuma na kupitisha mzigo kwenye mlango wa abiria. Viti vya nyuma vinalala vizuri, na vinasogea mbele na nyuma kwenye reli zake, kitu ambacho mama akiwa ndani ninakishukuru sana kwa sababu anaweza kunyoosha miguu.

Sasa mlima. Kwetu ni Lushoto, mbele kidogo kuelekea Mlalo. Tunapita Chalinze, Segera, Korogwe, mpaka Mombo. Njia hiyo ina vijiji vingi vyenye vibao vya 50, na faini ya shilingi 30,000 haichagui pistoni nne wala sita, kwa hiyo ile nguvu ya shemeji mara nyingi inabaki boneti. Kuanzia Mombo ndipo gari linapimwa: kilomita 30 na ushei za kona juu ya kona, korongo upande mmoja na mwamba upande mwingine, kupitia Soni. Mara ya kwanza nilipanda tukiwa watu watano na buti limejaa. CVT inapandisha mzunguko wa injini na kuushikilia hapohapo, sauti moja ndefu, na kwa mtu aliyezoea gia za kawaida inatia wasiwasi kama vile gari limekwama kwenye gia ya pili. Halijakwama. Geji ya joto haikusogea, mwendo haukushuka chini ya 40 isipokuwa kwenye kona kali. Kulipita lori pale ndipo unapohitaji subira, na kusema kweli kwenye zile kona subira ndiyo inayotakiwa hata ukiwa na injini kubwa.

Ukimaliza lami unakutana na udongo mwekundu. Masika ule udongo unakuwa kama sabuni. Kuna kitufe cha kufunga 4WD ili magurudumu ya nyuma yasukume muda wote. Kinafanya kazi kwenye mwendo mdogo, ukizidi 40 kinajiachia. Aprili ya mwaka juzi nilikibonyeza chini ya kilima cha mwisho kabla ya nyumbani, nikaweka mguu bila kuuongeza wala kuupunguza, tukapanda huku gari likiyumba kidogo matakoni. Pikipiki mbili zilikuwa zimelala pembeni. Lakini usiliite gari la porini. Uwazi wa chini ni milimita 190 tu, na kwenye njia yenye makorongo ya maji nilishasikia mawe yakiongea na tumbo la gari.

Nitakaa kidogo kwenye suala la oili, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia.

La kwanza ni oili ya giaboksi. Mwaka wa pili nilipeleka gari kwenye gereji fulani kwa huduma ya kawaida, nikaomba wabadilishe na ya giaboksi. Nilikaa kwenye benchi, nikalipa, nikaondoka. Kesho yake asubuhi, kwenye kimlima cha kutoka nyumbani, gari lilianza kutetemeka kama linalopita juu ya matuta madogomadogo. Fundi wangu wa zamani alimwaga kidogo, akatazama rangi, akaniuliza, "Dada, hii waliyokuwekea uliiona chupa yake?" Sikuiona. Walikuwa wameweka ATF ya kawaida, ile ya gari la gia za otomatiki. CVT inategemea mkanda wa chuma unaoshikana na puli kwa msuguano, na mafuta yake yametengenezwa kwa msuguano huo. Ukiweka mengine mkanda unateleza. Tulimwaga, tukaweka ya CVT, tukaendesha siku tatu, tukamwaga tena na kuweka mapya. Kutetemeka kuliisha na hakujarudi, ila nililipa huduma moja mara tatu. Tangu siku hiyo nanunua mafuta mwenyewe, na ninasimama pale chupa inapofunguliwa.

La pili ni oili ya injini. Injini za 2AZ-FE za miaka hiyo zinajulikana kwa kula oili. Huko Marekani Toyota iliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya magari yenye injini hii kwa ajili ya jambo hilo hilo. Yangu hainywi. Kati ya huduma na huduma kijiti kinashuka upana wa kidole, basi. Lakini kila Jumamosi ya pili, kabla sijawasha gari, nachomoa kijiti, nafuta, narudisha, nasoma. Dakika mbili. Taa ya oili kwenye dashibodi inaonyesha presha, si kiasi, na ikiwaka tayari umechelewa.

Mengineyo ni ya uzee na ya barabara zetu za mtaani huku Mbezi, mawe na mifereji: stabilaiza linki mara mbili, bushi za mbele, shokapu za mbele, maunti moja ya injini. Spea ziko kila duka. Sauti ya tairi ndani ya gari ukifika 100 ni kubwa, watoto wanalala tu.

Linalonisumbua kweli ni viti. Ni vitano, na sisi ni watano. Mama akija tunakuwa sita, na siwezi kumbeba mtoto mapajani kwa safari ya Lushoto. Vanguard ni ndugu wa gari hili hili, ya cc 2362 ipo, imerefushwa, na zipo zenye viti saba. Ningelijua hesabu hii siku ile Tabata ningesubiri miezi sita nikaongeza pesa. Ile safu ya tatu ni ya watoto tu, lakini mtoto ndiye ninayemtafutia nafasi.

Ukitaka kununua kama langu, fika injini ikiwa ya baridi na ukatae ikiwa imeshawashwa kabla hujafika. Chomoa kijiti mwenyewe. Washa, tazama bomba la moshi kama linatoa moshi wa bluu. Panda nalo kilima taratibu ukisikiliza kama linatetemeka, kisha kipande tena kilima hicho hicho kwa rivasi. Bonyeza kitufe cha 4WD uone taa yake. Na kama kuna mtu mzima nyumbani, nenda naye.

Desemba mama anashuka kwa kliniki na tutamrudisha nyumbani wote pamoja kwa Krismasi. Baba watoto ameshasema atapanda basi hadi Mombo, tukutane pale, tugawane kwa zile kilomita 30 za mlima: mimi na mama na wadogo wawili tutangulie, yeye na mkubwa wapande Hiace mpaka Lushoto mjini.