Kuvuka Marekani kwa nauli ndogo: basi Mashariki, treni Magharibi

Kama unataka kuvuka Marekani kutoka New York hadi California na mfuko wako si mnene, ushauri wangu ni huu: kwenye miji ya Mashariki iliyokaribiana panda basi, na kuanzia Chicago kwenda Magharibi panda treni, kiti cha kawaida, usilipie chumba cha kulala. Ndivyo nilivyosafiri, na sijaona njia nyingine iliyonirudishia thamani ya pesa yangu kiasi hicho. Ndugu zetu wengi wanaoishi kule watakuambia upande ndege tu. Wana sababu zao, na nitazifikia.

Nianze na mabasi. Kati ya New York, Philadelphia, Baltimore na Washington ushindani ni mkali: kuna Greyhound, FlixBus, Megabus, na yale mabasi ya Chinatown yaliyoanza miaka ya 1990 yakiwasafirisha Wachina kati ya New York na Boston kabla watu wengine hawajayagundua. Abiria ndiye anayefaidi. New York hadi Washington ni kama kilomita 360, saa nne na nusu hivi foleni ikikaa vizuri, na nikinunua mapema nililipa dola ishirini na kitu. Siti hiyohiyo ukiitafuta Ijumaa jioni utaikuta imepanda mara mbili au zaidi. Jumanne na Jumatano ndizo siku za kuvizia. Ndani ya basi hakuna cha kulalamikia: soketi ya kuchajia simu, choo nyuma, intaneti inayotosha kutuma ujumbe. Kwa masafa haya basi linafaa kabisa.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni habari ya stendi. Greyhound ni kampuni ya zamani sana, ilianzia Minnesota mwaka 1914, na mwaka 2021 ilinunuliwa na Flix ya Ujerumani. Ndiyo maana utaona tiketi za Greyhound na FlixBus zinauzwa pamoja, na mara nyingine unakata tiketi ya jina moja likaja basi la jina jingine. Lakini majengo mengi ya stendi hayakuwa sehemu ya mauzo hayo. Yaliuzwa kwa watu wengine, na katika miji kadhaa stendi za katikati ya mji zimefungwa. Philadelphia, stendi ya Filbert Street ilifungwa mwaka 2023, mabasi yakahamishiwa kando ya barabara. Kwa hiyo usifikirie kwamba palipoandikwa "kituo" pana ukumbi, viti na choo. Huenda ni nguzo yenye kibao. Kabla ya kulipa, fungua ramani, angalia picha ya mtaa wenyewe, ujue utasubiri wapi mvua ikinyesha na utashuka wapi kama ni usiku.

Nasema hivi kwa uchungu. Katika mji mmoja wa katikati ya nchi nilikata tiketi ya basi la usiku la kampuni ambayo sitaitaja. Mahali pa kupandia palikuwa ukingo wa maegesho ya magari, nyuma ya kituo cha mafuta kilichokwisha kufungwa. Programu ya simu iliendelea kuandika kwamba basi liko njiani kwa wakati, hata saa ya kuondoka ilipopita na kupitwa tena. Hapakuwa na mfanyakazi hata mmoja wa kuulizwa. Kulikuwa na mama mwenye watoto wawili wadogo. Aliwalaza juu ya masanduku yake akawafunika koti lake, yeye akabaki na sweta peke yake kwenye upepo ule. Basi lilifika usiku wa manane, dereva akapakia mizigo bila kusema neno. Nauli ilikuwa ndogo, ndiyo, lakini kampuni inayomwacha mama na watoto barabarani usiku inakosa utu, na nauli ndogo haiondoi kosa hilo. Tangu hapo nina kanuni: basi nalipanda mchana, safari isizidi saa sita au saba. Zaidi ya hapo natafuta reli.

Na reli ndiyo habari yenyewe. Amtrak ni shirika la taifa la treni za abiria, lilianza kazi mwaka 1971. Treni zake za masafa marefu zinazokwenda Magharibi karibu zote zinaanzia Chicago: Empire Builder inapanda kaskazini hadi Seattle na Portland, Southwest Chief inakwenda Los Angeles kupitia New Mexico, na California Zephyr inakatiza katikati kupitia Denver na Salt Lake City hadi Emeryville, ng'ambo ya ghuba kutoka San Francisco. Mimi nilichagua Zephyr. Ni kama kilomita 3,900, na ratiba ni zaidi kidogo ya saa hamsini. Nilikata mapema, Chicago hadi mwisho wa reli, nikalipa chini ya dola 200. Ukitoa gharama ya kulala mahali kwa usiku mbili, utaona kwamba nauli ile imekubeba na imekulaza.

Bei ya Amtrak haikai mahali pamoja. Siti za kwanza zinauzwa kwa bei ya chini, zikiisha inafuata bei ya juu yake, na hivyohivyo hadi behewa lijae. Julai na Agosti, na wiki ya Krismasi, ukichelewa utalipa karibu na nauli ya ndege. Kama una mpango wa kushuka miji mingi, kuna pasi inayoitwa USA Rail Pass: vipande kumi vya safari ndani ya siku 30, bei yake ya kawaida dola 499. Kipande ni kila mara unapopanda treni na kushuka. Ukiitumia kwa safari fupi za Mashariki unaichoma bure, maana basi lingekupeleka kwa dola ishirini. Ukiitumia kwa vipande virefu kama Chicago–Denver, Denver–Emeryville, Los Angeles–New Orleans, inalipa vizuri sana. Kuwa na pasi hakutoshi, lazima uweke nafasi kwa kila kipande, na treni maarufu zinajaa. Angalia pia siku: nyingi zinatembea kila siku mara moja, lakini Sunset Limited ya New Orleans–Los Angeles na Cardinal ya New York–Chicago zinatembea mara tatu tu kwa wiki.

Sasa kiti. Nilijiandaa kwa mateso, nikakuta raha. Siti ya daraja la kawaida kwenye Zephyr ni pana kuliko siti yoyote ya basi la kifahari la Dar kwenda Mwanza niliyowahi kukalia, inalala nyuma sana, ina pa kuegemeza mashavu ya miguu, na mbele yako kuna nafasi ya kumpisha jirani bila yeye kusimama. Mhudumu anachomeka juu ya kichwa chako kikaratasi chenye alama ya kituo chako, na usiku anakuja kukugusa bega taratibu kama unashuka saa za usingizi. Kuanzia saa nne usiku taa zinapunguzwa na watu wanatakiwa kunyamaza. Bafu la abiria wa daraja hili halipo, kuna masinki ya kunawia tu, kwa hiyo beba taulo dogo na mswaki karibu. Beba na blanketi. Viyoyozi havina huruma usiku.

Mizigo ndiyo iliyonifanya nielewe kwa nini treni hii imejaa familia. Unaruhusiwa kuingia na mabegi mawili, kila moja hadi kilo 23, bila kulipa kitu, na juu yake begi dogo la mkononi. Jioni ya kwanza nilikaa karibu na mama mmoja wa Bukavu aliyekuwa akirudi kwake Iowa, ambako Wakongo ni wengi. Alinisikia nikizungumza na simu, akageuka: "Mwanangu, unatoka Tanzania?" Nikamwamkia, tukaanza kuzungumza, na haikupita nusu saa alinipa maandazi na mayai ya kuchemsha kutoka kwenye chombo cha plastiki. Mabegi yake mawili yalikuwa na unga, samaki wakavu na vitenge. "Humu sijalipia hata senti," aliniambia. "Ku ndege wangenimaliza." Alishuka Osceola, kituo kilicho karibu zaidi na Des Moines, maana treni hii haifiki Des Moines kwenyewe. Mwanawe alikuja kumchukua kwa gari. Hilo ni la kukumbuka: tazama kwanza reli inafika wapi hasa, na nani atakupokea.

Chakula cha mgahawa wa treni kinauzwa, lakini ni ghali na uchaguzi ni mdogo. Nunua mkate, matunda, karanga na maji Chicago kabla ya kupanda. Kuna vituo vichache ambako treni inasimama muda wa kutosha kunyoosha miguu, kama Denver na Grand Junction, lakini usiende mbali. Treni haimsubiri mtu.

Asubuhi ya Denver usikae kwenye siti yako. Nenda mapema kwenye behewa la mandhari, lenye viti vilivyoelekezwa madirishani na vioo vinavyopinda hadi juu ya paa. Liko wazi kwa kila abiria, mwenye chumba na asiye na chumba. Kutoka Denver treni inaanza kupanda milima ya Rocky kwa mizunguko, inaingia na kutoka kwenye mahandaki madogo moja baada ya jingine, mji unazidi kuonekana chini kule tambarare. Kisha inafika handaki la Moffat, karibu kilomita kumi, lililofunguliwa mwaka 1928. Kabla ya kuingia, wahudumu wanatangaza watu wasifungue milango kati ya mabehewa ili moshi wa dizeli usiingie ndani. Dakika kama kumi ni giza tupu. Ukitoka upande wa pili umevuka mgongo wa bara: mito ya huku inaelekea Magharibi. Mbele kidogo reli inaukuta mto Colorado na kuufuata kwa masaa, kwenye makorongo ambayo mengine hayana barabara ya gari. Nilimwona mzee mmoja Mmarekani akifuta machozi, akasema ameishi nchi hii maisha yake yote na hajawahi kuiona hivi. Nilimwelewa. Watu wanalipa maelfu ya dola kwa matembezi ya kitalii yasiyofikia mchana ule.

Kuchelewa kupo, na ni vizuri ujue sababu. Sehemu kubwa ya reli za Magharibi si mali ya Amtrak, ni za kampuni za treni za mizigo. Sheria inaipa treni ya abiria haki ya kupita kwanza, lakini katika hali halisi treni ya mizigo ndefu kuliko njia ya kupishania haiwezi kukupisha. Kwa hiyo usipange ndege ya jioni siku unayofika Emeryville, wala kazi ya asubuhi inayofuata. Basi la kuunganisha hadi San Francisco linakuwa sehemu ya tiketi ukilikata pamoja, na hilo ni afadhali kuliko kujitafutia mwenyewe.

Ndege sasa. Ukiwa na begi dogo la mgongoni tu, na siku zako ni chache, kampuni kama Frontier zinaweza kukuvusha nusu ya nchi kwa bei ndogo kuliko treni. Bei ile inahesabu begi la chini ya kiti peke yake. Begi la kuweka juu ya kichwa linalipiwa, kuchagua siti kunalipiwa, na uwanja wenyewe uko mbali. Treni ya kutoka uwanja wa Denver hadi mjini ni dola kumi. Jumlisha yote hayo kwanza, kisha linganisha. Kwa mtu mwenye zawadi za nyumbani kwenye mabegi mawili, hesabu inageuka haraka.

Kuhusu malipo: tovuti nyingi zinakuomba msimbo wa posta wa Kimarekani wa kadi yako, na kadi zetu hazina. Kadi yangu ya Visa ilikataliwa kwenye tovuti moja na kupokelewa kwenye nyingine. Uwe na kadi ya pili, au ndugu wa kule akukatie, jina kwenye tiketi lilingane na pasipoti. Na pasipoti yenyewe, pamoja na viza, ikae mfukoni mwako, isiwe kwenye begi lililo chini ya basi. Mgeni wa umri wa miaka 18 na kuendelea anatakiwa kisheria kutembea na karatasi zake, na maofisa wa uhamiaji wamekuwa wakipanda mabasi na treni kwenye njia zilizo karibu na mipaka, kama ile ya Buffalo na zile za kusini mwa Texas.

Kutoka San Francisco kwenda Los Angeles, basi la mchana ni saa saba au nane na nauli yake ni ndogo kuliko ya treni. Mimi niliongeza dola kidogo nikapanda Coast Starlight kutoka Oakland asubuhi, kwa sababu baada ya San Luis Obispo reli inashuka hadi ukingoni mwa Pasifiki na kwenda nayo kwa muda mrefu, sehemu ambazo barabara kuu haifiki. Hilo linafaa miezi ya jua refu. Desemba giza linaingia kabla hujaimaliza pwani, na hapo ni bora upande basi, ubaki na pesa yako.