Kozi ya jioni ya C (lugha ya programu) hapa Wandegeya, Kampala: nzuri, ila vita vyao na goto vimezidi

Nyota 3 kati ya 5. Wanaojua kufundisha pointa (anwani za memori) ni hawa, jamaa anachora memori ubaoni mpaka hata aliyetoka kwa Python anaelewa, intaneti iko sawa, umeme ukienda jenereta inawaka, na rolex (chapati za mayai) ziko hapo nje getini. Viti ndo vigumu, njoo na sweta ukalie.

Sasa shida. Ukiandika goto hata moja (amri ya kurusha programu hadi mstari mwingine wenye lebo) kwenye zoezi unakatwa maksi, hakuna kujieleza. Eti Dijkstra, yule mtaalamu wa kompyuta, alikataza 1968, barua yake wameibandika mpaka ukutani. Sawa, alikuwa na hoja, enzi zile kodi ilikuwa inarukaruka kama boda kwenye jam, huwezi jua umefika hapo ukitokea wapi. Lakini kile kichwa kikali cha barua hata si chake, alikiweka mhariri, Niklaus Wirth. Na 1974 Knuth, mtaalamu mwingine, akaandika makala ndefu kuonyesha pale goto inapofaa, hiyo mbona haiko ukutani?

Manake C haina exception (njia ya lugha yenyewe ya kushughulikia makosa). Una funksheni inafungua faili, inaomba memori, halafu inashika loku (kufuli la kuzuia wengine wasiguse data), hiyo ya tatu ikigoma lazima urudishe zile mbili za kwanza. Kwa goto unaruka chini kwenye lebo, unaachia kimoja kimoja kuanzia cha mwisho, basi. Kerneli ya Linux (kiini cha mfumo huo) imejaa hiyo staili na mwongozo wao wa kuandika kodi unaieleza kabisa. Sisi tunafundishwa if ndani ya if ndani ya if mpaka kodi inagonga ukingo wa skrini, ama unarudia free (amri ya kuachia memori) zilezile kila mahali, ukisahau moja memori inavuja.

Kumuuliza mwalimu, akaleta bagi (kosa la programu) ya usalama ya Apple ya 2014, ile iliyoitwa goto fail. Jamani mwalimu, pale mstari wa goto fail uliandikwa mara mbili na if haikuwa na mabano, ungekuwa ni return err (amri ya kutoka kwenye funksheni) umejirudia hivohivo ingeharibika vilevile!

Anayeanza C aende tu, ada wanakubali ulipe kidogo kidogo. Ila kama unataka kuandika draiva (programu ya kuendesha kifaa) omba darasa la Jumamosi, yule dada wa huko anaruhusu goto ya kwenda chini, ya kurudi juu hataki kuiona, na hapo niko naye.