Horizons ya NASA: huduma ya bure ya kukagua Chiron, Eris na Sedna

Ipo huduma moja ya mtandaoni ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaopenda nyota, wawe wa upande wa astronomia au wa unajimu, wangefaidika kuijua kuliko wanavyoijua sasa. Inaitwa Horizons, inaendeshwa na Jet Propulsion Laboratory, maabara ya NASA iliyoko Pasadena, California, na kazi yake ni kukokotoa mahali lilipo gimba la mfumo wa Jua kwa tarehe na saa utakayoitaja, kama linavyoonekana kutoka pale utakapochagua. Hailipiwi, wala haikudai ujisajili. Katika tathmini hii nimeipima kwa kazi moja tu, ambayo sidhani kama walioiunda waliiwazia: kukagua yale tunayouziwa katika taarifa za nyota kuhusu magimba madogo yaliyo ng'ambo ya Zohali.

Falaki tuliyoirithi pwani ilitosheka na saba, yaani Jua, Mwezi, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoonekana kwa macho yakitembea kati ya nyota. Unajimu wa Magharibi haukuishia hapo. Uliipokea Pluto baada ya Clyde Tombaugh kuigundua mwaka 1930, ukaipokea Chiron iliyogunduliwa na Charles Kowal mwaka 1977, kisha Pholus ya mwaka 1992, na baadaye Sedna na Eris, kila moja ikipewa maana iliyochotwa kwenye visasili vya jina lake. Leo maana hizo zinauzwa kwa simu. Taarifa niliyoichukua kuwa kielelezo ni ya programu ya kulipia ambayo sitaitaja, kwa sababu zilizo kama hiyo ni nyingi na maneno yake hayatofautiani sana.

Ukurasa wa Horizons una sehemu tano za kujaza: aina ya jedwali, gimba, mahali pa mtazamaji, muda, na mipangilio ya jedwali. Mahali pa mtazamaji paache katikati ya Dunia, maana ndivyo wanajimu wengi wanavyokokotoa. Kwenye gimba, ni salama kuandika namba rasmi ikifuatiwa na nukta mkato, kwa mfano 2060; kwa Chiron au 136199; kwa Eris, kwani namba tupu huweza kusomwa kuwa ya sayari kubwa: 5 pekee ni Mushtari, ilhali 5; ni asteroidi Astraea. Katika mipangilio, chagua kipengele namba 31, ambacho hutoa longitudo ya gimba kwenye njia ya Jua (mstari ambao Jua huonekana kuufuata kati ya nyota kwa mwaka), na namba 29, ambacho hutaja kundinyota lilimo. Longitudo kutoka 0 hadi 30 ndiyo Punda, au Hamali kama wasemavyo watu wa falaki, kutoka 30 hadi 60 ni Ng'ombe, na kuendelea hivyo hadi Samaki.

Hapo ndipo taarifa ya kulipia inapoanza kupwaya. Ilidai kwamba Eris iliyo katika Punda ndiyo chimbuko la tabia ya mteja ya kutokubali kuonewa. Niliomba longitudo ya Eris kwa mwaka 1950, kisha 1980, kisha 2010, na zote zilikuwa chini ya 30. Eris huchukua takriban miaka 560 kulizunguka Jua, na iliingia Punda katika miaka ya 1920 wala haijatoka. Kwa hiyo bibi aliyezaliwa 1950, binti yake wa 1980 na mjukuu wa 2010 wote wana Eris mahali pamoja, pamoja na jirani zao wote na askari wa zamu kituoni. Kuiita hiyo tabia ya mtu mmoja ni sawa na kumsifu mteja kwa kuzaliwa baada ya miaka ya 1920.

Kipengele namba 29 kinaongeza jambo la kushangaza zaidi. Longitudo ya Eris kwa sasa ni kama digrii 25, lakini safu ya kundinyota inaandika Cet, yaani Nyangumi. Ni kweli kwamba wanajimu hawasemi buruji, yaani vile vipande vya digrii 30, na makundinyota ni kitu kimoja, na mwanajimu makini atakukumbusha hilo mapema. Ila kwa Eris tofauti hiyo haitokani tu na kusogea kwa nukta za ikwinoksi (mahali Jua linapokuwa mchana na usiku vinapolingana), bali na obiti yenyewe, yaani njia ya Eris ya kulizunguka Jua, ambayo imeinama kwa takriban digrii 44, hata gimba hilo likawa zaidi ya digrii 10 kusini mwa njia ya Jua. Kundinyota la Punda lenyewe italifikia mwaka 2065, baada ya kupita Samaki. Unaponunua neno Punda katika suala hili, unanunua kivuli cha Eris kilichoangushwa kwenye mstari ambao yenyewe bado iko mbali nao.

Sedna haihitaji maneno mengi. Mzunguko wake ni wa zaidi ya miaka 11,000, na waliozaliwa kuanzia miaka ya 1970 hadi ya 2000 wote wanayo katika Ng'ombe.

Chiron ni habari nyingine, na hapa unajimu unastahili kutendewa haki. Mzunguko wake ni wa miaka 50 hivi, kwa hiyo kauli ya wanajimu kwamba inarudi mahali pake mtu anapokaribia umri wa miaka 50 ni sahihi kihesabu, na jedwali la Horizons linaithibitisha bila shida. Obiti yake, hata hivyo, si duara. Mwaka 1996 ilipita karibu zaidi na Jua, ikiwa mara 8.5 ya umbali wa Dunia kutoka Jua, na upande wa pili hufika karibu mara 19. Matokeo yake ni kwamba ilikaa Mizani chini ya miaka miwili, lakini ilipoingia Punda mwaka 2018 ilikuwa na miaka minane ya kukaa humo. Taarifa inayoipa kila buruji uzito uleule bila kutaja jambo hilo imeandikwa na mtu asiyefungua majedwali. Tena, tangu mwaka 1989 ilipoonekana ikitoa wingu la gesi na vumbi, Chiron imeorodheshwa pia kama nyotamkia, 95P, na njia yake si ya kutegemewa milele: ilipita karibu na Zohali mwaka 720, na kabla ya hapo kosa dogo kabisa katika vipimo vya leo hukua kiasi cha kufanya hesabu isiwe na maana. Watengenezaji wa Swiss Ephemeris, majedwali yanayotumiwa na programu nyingi za unajimu, wameliandika hilo waziwazi katika maelezo yao. Ukiona mtu anatangaza Chiron ya enzi za mafarao, funga ukurasa.

Suala la saa linahitaji uangalifu. Horizons hutumia saa za kimataifa, zilizo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, hivyo aliyezaliwa Mombasa saa mbili usiku aandike 17:00. Mtu akijichanganya akaandika saa mbili kama ilivyo kwenye kadi ya kliniki, buruji lililokuwa likichomoza litakosewa vibaya, kwa sababu buruji hubadilika kila baada ya saa mbili hivi. Magimba ya mbali hayatajali. Chiron, kwa umbali iliyopo sasa, haisogei hata dakika tano za pembe (digrii moja ni dakika 60) kwa siku nzima, na Sedna haifiki moja. Programu inayodai dakika kamili ya kuzaliwa ili ikupe Sedna yako haina haja nayo.

Kasoro za Horizons zipo. Lugha ni Kiingereza cha wataalamu, hakuna picha ya anga, na majedwali ni safu ndefu za maandishi zinazokwenda vizuri kwenye kompyuta kuliko kwenye simu. Anayetaka kuona kwa macho atumie Stellarium, ambayo nayo ni ya bure na ina kihariri cha kuongezea magimba madogo, kisha arudi Horizons kwa tarakimu. Kuhusu maana ya Chiron maishani mwako, Horizons haisemi neno, na sijaona sababu ya kuilaumu kwa hilo. Aliyekwisha amua kununua tafsiri ya nyota amwombe muuzaji kwanza longitudo za magimba yote anayoyatafsiri, kwa digrii na dakika, alinganishe na safu ya 31, ndipo azungumzie bei.