TAHADHARI: Wanauza nafasi za fildi katika hoteli zilizofungwa

Wanafunzi wa hoteli na utalii, kuna mawakala wanaoingia kwenye makundi yetu ya WhatsApp na kuuza nafasi za mafunzo kwa vitendo (fildi). Msiwape hela.

Wanajua tulivyobanwa. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, watalii wa kimataifa walipungua kwa zaidi ya asilimia 70, hoteli zikapunguza wafanyakazi, na vyuo vingi havitoi cheti bila fildi. Aliyebakiza fildi tu ili ahitimu ndiye wanayemwinda.

Unatumiwa barua ya kukubaliwa yenye nembo ya hoteli kubwa, bila usaili, bila hata kuulizwa kama unasomea mapokezi, upishi au usafi wa vyumba. Kisha madai yanaanza: bima, sare, na wakati wa korona kipimo na chumba cha karantini. Ukilipa hili, linazuka lingine. Wakati wa korona, siku ya kuripoti ilipokaribia uliambiwa mipaka imefungwa, subiri awamu ijayo. Hapo ndipo wengi waliponasa, kwa sababu mipaka kweli ilikuwa ikifungwa, na mtu aliendelea kusubiri wakati hela yake imeshaliwa.

Wanaoahidi nafasi kwenye meli za kitalii ndio wabaya zaidi. Kampuni kubwa zilisimamisha safari Machi 2020, na hata mabaharia wengi wenye uzoefu walibaki wakingoja kuitwa. Halafu Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unakataza kumtoza baharia ada ya kutafutiwa kazi. Yeye hugharamia cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Hata viza ni juu ya mwenye meli.

Ukipata barua, piga simu hotelini mwenyewe kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, si ile iliyoandikwa kwenye barua. Uliza kama wako wazi, wana wageni kiasi gani, na nani atakusimamia. Hoteli isiyo na wageni itakufundisha nini? Muulize pia mratibu wa fildi chuoni kama mnaweza kuahirisha au kupewa mradi badala yake. Vipo vyuo vilivyoruhusu.

Aliyekwisha kutuma hela apigie benki au kampuni ya simu leo hii aombe muamala uzuiwe, asifute ujumbe wala risiti, kisha aende polisi. Kama ulituma na nakala ya pasipoti, itaje kwenye maelezo yako, maana wanaweza kuitumia kumtapeli mwingine kwa jina lako.