Kadi nzima, draiva mgonjwa

Kadi hii ya Wi-Fi ya kuchomeka ndani ya kompyuta ya mezani nimeitumia miezi minne. Naipa nyota tatu kati ya tano. Mbili zimeliwa na draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi.

Wiki ya kwanza nilifurahi. Mawimbi ya gigahezi 5 iliyashika vizuri hadi chumba cha nyuma, ambako kifaa changu cha zamani cha USB kilikuwa kinahangaika. Halafu ikaanza kukata. Kazi yangu ni kutafsiri mikutano papo kwa papo nikiwa nyumbani. Mtandao ukipotea hata sekunde kumi, kuna mtu upande wa pili ameachwa njiani bila kujua anaambiwa nini. Iliniuma sana.

Mtoa huduma ndiye niliyemshuku kwanza. Nikafungua dirisha la amri, nikaacha kompyuta iiite ruta mfululizo kwa pingi, amri inayopima kama kifaa kingine kinajibu. Kila ilipokata, hata ruta iliyo hatua tatu kutoka mezani haikujibu, na wakati huohuo simu yangu ilikuwa mtandaoni bila tatizo. Basi shida ilikuwa humuhumu ndani.

Kwenye sifa za kadi, upande wa umeme, niliondoa alama inayoiruhusu Windows kuizima ili kuokoa nishati. Ilipunguza kukata, haikuponya.

Kilichonifungua macho ni Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, wenye draiva zake. Niliwasha kompyuta kutoka kwenye flashi, bila kusakinisha chochote, nikafanya kazi hivyo siku nzima. Kadi ileile, ruta ileile, na haikukata hata mara moja! Kumbe chuma ni kizima. Ningekuwa nimeitupa bure.

Nikarudi Windows kusoma kitambulisho cha kadi: tarakimu zinazofuata VEN humtaja aliyetengeneza chipu, zinazofuata DEV hutaja chipu yenyewe. Aliyetengeneza chipu si yule mwenye jina kwenye boksi, na tovuti yake ilikuwa na draiva mpya kuliko ile niliyopewa na kadi. Niliondoa ya zamani, nikatia alama pale panapouliza kama mafaili yake nayo yafutwe. Usiruke hapo, maana yakibaki, Windows inaweza kuirudisha draiva ileile ukiwasha upya.

Wiki ya sita sasa, haijakata.

Kampuni ya kadi nailaumu kwa dhati. Niliwaandikia mara mbili, mara zote wakaniambia nizime ruta na kuiwasha. Mteja asiye na muda wa kuchimba namna hii angerudisha kadi nzima dukani.

Ukiinunua, pakua draiva ya mtengenezaji wa chipu kabla hujafungua kasha la kompyuta, uihifadhi kwenye flashi. Kadi ikigoma, hutakuwa na mtandao wa kuitafutia.